Mazoezi kwa Mwenye Maradhi ya Parkinson: Tusimketishe Mzee



Wengi wetu tumemuona mzee ambaye mkono wake unatetemeka hata akiwa ametulia, hatua zimekuwa fupi, uso umekakamaa na sauti imefifia. Watu wa nyumbani husema ni uzee tu, au husema amerogwa. Kisha kwa huruma humwambia: "Kaa, babu, tutakufanyia sisi." Nia ni njema, lakini kukaa huko humzidishia ukakamavu na udhaifu.

Ni maradhi gani?

Maradhi haya yamepewa jina la James Parkinson, tabibu wa London aliyeyaeleza mwaka 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kwenda kwa wepesi, hufa kidogo kidogo. Hayaambukizi. Bondia Muhammad Ali aligunduliwa kuwa nayo mwaka 1984, akaishi nayo hadi alipofariki mwaka 2016. Madaktari bado hawajapata dawa ya kuyaondoa kabisa, ila levodopa hupunguza dalili. Mazoezi huisaidia dawa. Hayachukui nafasi yake.

Mazoezi ya kufanya

Lengo ni dakika 150 kwa wiki, kama vile dakika 30 kwa siku tano. Anayeanza aanze na dakika chache.

1. Kutembea kwa kasi, pumzi ziongezeke lakini aweze kuzungumza. Hatua ziwe ndefu, kisigino kitangulie, mikono ichezeshwe. Baada ya Alfajiri kukishapambazuka, jua bado si kali.
2. Nguvu: kuinuka kitini na kukaa tena mara 10, bila ya kushika akiweza.
3. Mizani: kuegemeza uzito mguu huu, kisha ule, meza imara ikiwa mbele yake na mtu karibu yake.
4. Kunyoosha shingo, mabega na mgongo.
5. Sauti: kusoma Qur'an au kuhesabu kwa sauti ya juu kila siku.

Miguu inapoganda

Mara nyingi miguu hukwama mlangoni, kwenye kizingiti au anapogeuka. Msimvute, ataanguka. Asimame, avute pumzi, ayumbishe uzito kushoto na kulia, ahesabu "moja, mbili, tatu", kisha apige hatua kubwa. Utepe wa rangi uliobandikwa sakafuni humpa mahali pa kulenga. Mikeka na mazulia yanayoteleza yaondolewe njiani.

Na Swala?

Kurukuu na kusujudu hunyoosha viungo, lakini Swala ni ibada, nayo haitoshi kuwa ndiyo mazoezi yake yote. Anayeweza kusimama asimame. Asiyeweza aswali ameketi, na akishindwa aswali kwa ubavu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomuelekeza Imran bin Huswayn (r.a.). Anapoinuka kutoka kwenye sijda asiharakishe, kwani shinikizo la damu huweza kushuka ghafla akaona kizunguzungu.

Tahadhari

Azungumze na daktari kabla ya kuanza, hasa mwenye maradhi ya moyo. Afanye mazoezi wakati dawa imeshafanya kazi mwilini. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mara moja na apatiwe msaada. Asikatishe dawa ghafla, hata kwa ajili ya funga; kabla ya Ramadhani aulize daktari na sheikh wake.

Wajibu wa familia

Mwacheni afunge vifungo vyake mwenyewe, hata akichelewa. Mtumeni dukani ikiwa njia ni salama, na mmoja wenu afuatane naye. Kumsubiri mzazi kwa subira ni katika kumfanyia wema.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu na atupe subira sisi tunaowahudumia. Amin.

Wallahu a'lam.