Moto wa Rweya na Mipaka ya Ardhi Yetu

Kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu kina habari nyingi za kahawa. Sisi twapenda kueleza habari za moto, kwa kuwa jua la Juni hadi Agosti linalokausha kahawa yetu ndilo likaushalo pia majani ya milimani.

Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, aliikuta Karagwe nchi ya vilima vya majani na ng'ombe wengi. Mpaka wa kibanja na rweya ulijulikana bila karatasi. Rweya ilitoa malisho, majani ya kuezekea, na matandazo ya migombani. Wachungaji waliichoma wakati wa kiangazi ili mvua ziotapo majani yawe mabichi, na moto ulifia mbali na nyumba.

Siku hizi haufii mbali. Watu wameongezeka, na mashamba yamepanda mlimani hadi kuigusa rweya. Matandazo yatunzayo unyevu wa mibuni huwa makavu kama karatasi, na cheche moja huuingiza moto kibanjani. Mbuni ulioungua huchukua miaka kadhaa kuzaa tena, hali ada ya shule haingoji.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iligawa ardhi ya kijiji katika mafungu: ya wote, ya watu binafsi, na ya akiba. Sheria ya 2007 ikazipa Halmashauri za Vijiji kazi ya kupanga matumizi ya ardhi, na Mkutano Mkuu wa Kijiji kuidhinisha. Ni sheria njema. Lakini, kwa maoni yetu, ramani isiyompa mchungaji mahali pa kulisha haizimi moto. Atachoma usiku, wala hatamwambia mtu.

Jambo hili limezidi uzito tangu mwaka 2019, Ibanda na Rumanyika, yaliyokuwa mapori ya akiba, yalipofanywa Hifadhi za Taifa, ambamo ng'ombe hawalishwi. Vijiji vipakanavyo nazo havina budi kutenga malisho ndani ya mipaka yao wenyewe, na kukubaliana njia ya kuzuia moto ipite wapi, nani aifyeke kabla ya Juni, na nani aitwe kwanza moshi uonekanapo. Wachungaji waitwe kwenye mkutano huo, nao wapewe nafasi ya kusema mapema.