Ardhi Tupu ya Lubumbashi: Historia ya Nafasi za Wazi na Njia za Miguu

Anayetaka kuchora ramani ya bustani za Lubumbashi za miaka ijayo hana budi kwanza kuitazama ile ya zamani. Nafasi kubwa kuliko zote iliyowahi kuachwa wazi kwa makusudi katika mji huo haikuachwa ili mtu apumzike ndani yake. Iliachwa ili watu wasikaribiane.

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, chini ya uongozi wa Émile Wangermée, mwaka ule ule reli iliyotoka kusini ilipofika. Barabara zake zilinyoshwa, zikakatana kwa pembe mraba, nazo zikafanywa pana. Hata leo mijakaranda inapochanua mwishoni mwa kiangazi, mgeni hudhani kwamba waliouasisi walikuwa wapenzi wa matembezi. Lakini kivuli kile kilikuwa cha sehemu moja tu ya mji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waafrika waliondolewa karibu na kitovu, wakapelekwa katika kitongoji kipya, ambacho leo ni komini ya Kamalondo. Kati yao na Wazungu ukaachwa ukanda mtupu wa upana wa mita zipatazo 700. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kiganga: mbu anayebeba malaria hawezi kuruka mbali, basi umbali ungewakinga Wazungu. Hoja hiyo ilivuja pande zote, kwani watumishi wa nyumbani waliendelea kulala katika vibanda nyuma ya nyumba za mabwana wao. Yaonekana mbu alitakiwa kumtambua mtumishi aliye kazini na kumsamehe.

Huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ukanda wa namna hiyo ulivikwa mavazi mazuri zaidi. Katika miaka ya 1930 uwanja wa gofu, bustani ya mimea na bustani ya wanyama viliwekwa papo hapo penye mpaka. Ndipo inapofunuliwa siri ya upangaji wa wakati ule: bustani iliweza kufanya kazi ya ukuta, tena bila kuudhi macho.

Ukanda ulivukwa kila siku na wale waliokusudiwa kuzuiwa. Asubuhi wafanyakazi waliupita kwa miguu na kwa baiskeli kwenda mjini. Jioni walirudi, maana usiku Mwafrika hakuruhusiwa kubaki katika mji wa Wazungu bila kibali. Kila vitongoji vilipoongezeka, safari nayo ilirefuka. Katika miaka ya 1950 Office des Cités Africaines, shirika lililoundwa mwaka 1952, lilijenga mamia ya nyumba mbali na kitovu, huko Ruashi. Hivyo, ikiwa leo mtu anauliza njia za watembea kwa miguu zipitishwe wapi, jibu lilikwisha kuandikwa ardhini kwa nyayo, na wapangaji wa kikoloni hawakulisoma kwa kuwa hawakuwa wakilitafuta.

Mahali pa michezo pia pana kumbukumbu zake. Mnamo tarehe 9 Desemba 1941 wachimbaji wa Union Minière waliogoma wakidai mshahara walikusanyika katika uwanja wa mpira wa kambi yao. Gavana Amour Maron alikuwapo, na askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka sasa. Ni shida kuzungumzia viwanja vya burudani vya Lubumbashi kana kwamba ni majani mabichi tu.

Kuna na jambo jingine ambalo ramani haioneshi, nalo ni upepo. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911 kando ya mto Lubumbashi. Moshi wake, ukisukumwa na pepo zitokazo kusini-mashariki, ulikwenda kutua kaskazini-magharibi. Katika mtaa wa Penga Penga udongo ulijaa shaba na madini mengine hata ukabaki uchi, wala miti haishiki. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuufunika kwa majani yanayostahimili shaba, yakisaidiwa na chokaa na mboji. Kazi hiyo haina fahari ya chemchemi na sanamu, lakini pasipo hiyo hakuna bustani itakayoota upande ule. Mpango unaogawa kijani sawasawa katika komini zote, bila kuuliza udongo umekula nini kwa miaka mia moja, utapanda miche ya kufa.

Limebaki bonde la mto, ambalo kwa mwenye kalamu na rula ndiyo njia ya matembezi iliyo dhahiri kuliko zote: maji, mteremko mdogo, na mstari unaopita kando ya mji. Ila bonde hilo lina wenyewe. Wakulima wa mboga hulima humo matuta yao, wakimwagilia maji ya mto wakati wa kiangazi, na mboga hizo huuzwa sokoni ingawa uchunguzi umekuta madini ndani yake. Kuwaacha ni kuendelea kula shaba. Kuwaondoa kwa jina la bustani ni kurudia tendo la miaka ya 1920 kwa lugha tamu zaidi. Mpangaji atakayefika bondeni na vigingi vyake atawakuta wameinama juu ya matuta, na itambidi aanze kwa kuwaamkia.