Bayometriki: Kidole Kinajua Nini?

Kuanzia tarehe 5 hadi 11 Agosti 2024, Ngara, Biharamulo na wilaya nyingine za Kagera zilikuwa katika uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Neno lililotawala vituoni ni bayometriki. Hata mtumishi anayekaa na mashine, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi humwita mwendesha kifaa cha bayometriki.

Wengi hulifasiri "alama za vidole". Fasiri hiyo ni finyu. Bayometriki ni kumtambua mtu kwa maumbile yake: vidole, sura, mboni, hata sauti. "Utambuzi wa kimaumbile" ungefaa, ila bayometriki limekwisha kuzoeleka. Tulitumie, mradi tujue linaishia wapi.

Mwendesha kifaa hukishika kidole cha mwombaji na kukilaza juu ya kioo. Mkono ulioshika jembe miaka mingi mara nyingi mistari yake imesagika, basi kidole hufutwa na kurudiwa. Mashine husoma nukta ambapo mistari inakatika na inapogawanyika, na kuziweka kwa namba. Baadaye taarifa za vituo vyote hulinganishwa, na aliyejiandikisha Nyakanazi kisha Rulenge hubainika.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 ya 2024 kinamwadhibu anayejiandikisha zaidi ya mara moja: faini ya kati ya shilingi 100,000 na 300,000, au kifungo cha miezi 6 hadi miaka 2, au vyote viwili. Kwa mkulima wa muhogo hiyo si adhabu ndogo. Kwa hiyo aliyehama Biharamulo kwenda Ngara aelezwe wazi, tena mapema, kwamba anatakiwa kuhamisha taarifa zake, asijiandikishe upya. Naye anayeingia bila idhini katika mfumo wa kompyuta, ukiwemo wa daftari, anakutana na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo faini yake kwa kosa hilo inaanzia shilingi milioni 3.

Lakini kidole hakijui uraia. Ngara inapakana na Rwanda kule Rusumo na Burundi kule Kabanga, na ndugu wapo pande zote. Mashine hujibu swali moja tu: je, maumbile haya yamo tayari daftarini? Kama mwenye kidole ni Mtanzania, hilo huamuliwa na watu: mwandishi msaidizi anayehoji, wakala wa chama anayesikiliza, jirani anayeweka pingamizi.

Tena kinachohifadhiwa kielektroniki ni daftari. Kura yenyewe ni ya karatasi. Nchini Kenya, kifaa husoma kidole cha mpiga kura siku ya uchaguzi. Huku kwetu mtumishi wa kituo hutazama kadi na picha iliyomo daftarini. Kwa hiyo kinga kubwa ipo kabla ya siku hiyo, pale daftari la awali linapobandikwa kituoni: majina yasomwe, jina la marehemu litajwe liondolewe, na asiyestahili awekewe pingamizi kabla muda haujakwisha.