Akiba ya Nyumba Iliyofungwa

Msomaji, neno karantini lina asili yake katika lugha ya Waitalia, na linatokana na hesabu ya arobaini. Miji ya bandari iliyoogopa tauni ilizuia merikebu zisiteremshe watu wala mali mpaka zipite siku 40. Hiyo ilikuwa karantini ya merikebu. Insha hii yataka kukuonyesha karantini ya nyumba, nayo ni shauri jingine kabisa. Merikebu hung'oa nanga ikiwa imekwisha kupakia maji na chakula cha safari. Lakini nyumba hushikwa pale ilipo na vile ilivyo. Kama usiku wa amri jikoni mna unga wa siku mbili, basi safari yaanza na unga wa siku mbili.

Huenda wewe ulikuwa mtoto mdogo jambo hili lilipotufikia sisi. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, tangu saa moja ya jioni hata saa kumi na moja ya alfajiri. Na tarehe 6 Aprili ikakatazwa kuingia Nairobi au kutoka, ikafuata Mombasa, Kilifi na Kwale baada ya siku mbili. Ukihesabu tangu mgonjwa wa kwanza hata kufungwa kwa Nairobi utapata siku 24. Siku hizo ndizo zilizokuwa za kuweka akiba, kwa yule aliyekuwa na cha kuwekea.

Walimwengu wamepata kufungiwa majumbani mara nyingi kabla ya hapo. Nataka kukupeleka London ya mwaka 1665, si kwa kuwa mji huo ulikuwa na hekima kupita mingine, bali kwa sababu watu wake waliandika sana, hata twaweza leo kuchungulia vyumbani mwao. Tauni iliingia huko polepole. Tarehe 7 Juni Samuel Pepys, mtumishi wa serikali katika mambo ya manowari, aliandika katika kumbukumbu zake za kila siku kwamba ameona milango miwili mitatu katika njia ya Drury Lane imetiwa msalaba mwekundu. Akaenda akanunua tumbaku, anuse na kutafuna, maana watu wa zama zile walidhani ugonjwa umo katika harufu mbaya. Katika juma moja la Septemba orodha za vifo zilihesabu watu 7,165 waliokufa kwa tauni. Na kwa mwaka mzima 68,596, ijapokuwa wanahistoria wengi huamini kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi.

Amri ya Meya ilikuwa hivi. Nyumba akionekana mgonjwa mmoja, mlango hufungwa na wote waliomo ndani, wagonjwa na wazima pamoja. Huchorwa msalaba mwekundu wa urefu wa futi moja, na juu yake maneno ya kuomba rehema ya Mungu. Mlinzi mmoja hukaa mlangoni mchana na mwingine usiku. Hao ndio waliotumwa sokoni, maana wa ndani hawakuwa na ruhusa kuvuka kizingiti. Aghalabu kifungo kilikuwa cha siku 40, na akiugua mwingine ndani, hesabu huanza upya. Maskini walilishwa kwa fedha za mtaa. Fikiri, msomaji, hali ya mama mwenye watoto wanne wazima na mume mgonjwa katika nyumba ya namna hiyo. Hata katika siku zile wako waliosema kwamba amri hii yaua wazima kwa kuwafungia na wagonjwa; na daktari Richard Mead, serikali ilipomtaka shauri mwaka 1720, alisema wazi kwamba wazima watengwe na wagonjwa wala wasifungiwe pamoja.

Huyo Mead aliulizwa kwa sababu mwezi wa Mei mwaka ule merikebu iitwayo Grand-Saint-Antoine ilileta tauni Marseille, katika Ufaransa. Karibu nusu ya watu wa mji huo wakafa. London ikaingiwa na hofu kwamba zamu yake imerudi, na hapo ndipo Daniel Defoe aliposhika kalamu. Wengi wamjua kwa hadithi ya Robinson Crusoe, yule mtu aliyetupwa kisiwani akawa hana kazi kubwa kuliko kuhesabu alivyo navyo na kuvitunza. Mwaka 1722 Defoe alitoa vitabu viwili juu ya tauni ya 1665, ambayo mwenyewe aliiona akiwa na umri wa kama miaka mitano. Kimoja kilikuwa kitabu hasa cha matayarisho: kilimfundisha mwenye nyumba atengeneze nini kabla tauni haijafika. Sijui kitabu kilichokitangulia chenye kusudi la karibu zaidi na jambo tunalolizungumza.

Vitabu hivyo vimechanganya hadithi na habari za kweli, kwa hiyo usivishike kama daftari la serikali. Hata hivyo Defoe aliyajua mambo ya jikoni. Katika kimoja asema kwamba kilichoangamiza mji ni haja ya kutoka kila siku kununua chakula: kijakazi alitumwa mkate, akarudi na mkate na tauni. Mtu wake, mtengeneza matandiko ya farasi, alinunua magunia mawili ya unga akaoka mkate nyumbani. Akanunua kimea akatengeneza pombe yake. Akaweka siagi iliyotiwa chumvi, na jibini. Nyama hakuweka, kwa kuwa tauni ilikuwa kali mno katika mitaa ya wachinjaji. Sokoni, asema, mnunuzi hakupokea nyama mkononi mwa muuzaji bali aliitungua mwenyewe kwenye kulabu. Na muuzaji naye hakugusa fedha, bali zilitumbukizwa katika chungu cha siki. Usicheke. Mwezi wa Machi 2020 ada ya kutuma fedha zisizozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa iliondolewa kwa muda, ili watu wapunguze kupeana noti mkononi. Chungu cha siki kimebadilika umbo tu.

Katika kile kitabu cha matayarisho mna mfanyabiashara wa vyakula vya jumla, mwenye mke, watoto na watumishi, aliyejifungia mwenyewe kabla ugonjwa haujamjia. Aliweka mikate mikavu na vinywaji na kila haja ya nyumba. Madirisha akayaziba, akaacha kidirisha kimoja chenye kamba na kapi ya kupandishia vitu. Barua zilifukizwa kwa moshi wa kiberiti na baruti, kisha zikanyunyizwa siki ndipo zisomwe. Lakini hata huyu, pamoja na ghala yake yote, hakuweza kuishi bila mtu wa nje. Alimweka hamali mlangoni, akamfanyia kibanda, naye ndiye aliyetumwa huku na huku. Jamaa yote ilisalimika. Hamali akafa kwa tauni, akatafutwa mwingine.

Mimi huwasomesha wanafunzi wangu habari hii, na kila mwaka hupatikana mmoja wa kuuliza kama hamali yule alikuwa na watoto. Ndilo swali ambalo wazee wetu wa nyumba hawaliulizi wanapopanga magunia.

Sasa tazama kijiji cha Eyam, katika Uingereza hiyo hiyo, kilichoshika njia nyingine. Mwaka 1665 mshonaji wa huko aliletewa furushi la nguo kutoka London, na tauni ikaja nalo. Mwezi wa Juni mwaka wa pili kasisi William Mompesson, akisaidiwa na Thomas Stanley aliyemtangulia katika kazi hiyo, aliwashauri wanakijiji wajifungie wote pamoja, mtu asivuke mpaka, ili maradhi yasienee katika nchi ya jirani. Kabla ya kufunga walipatana juu ya chakula. Mtawala wa sehemu zile, mwenye jumba la Chatsworth, alikubali kuwapelekea mahitaji. Vitu viliwekwa mpakani. Wanakijiji wakaacha fedha katika mashimo ya jiwe yaliyojazwa siki, au katika maji ya chemchemi. Mleta vitu na mchukuaji hawakukutana. Watu wapatao 260 walikufa Eyam, na mke wa kasisi alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo sisemi kwamba walipata salama. Nasema kwamba hawakumwacha mtu mmoja asiye na jina abebe hatari ya wote mlangoni.

Turudi kwetu, maana hapa ndipo utakapofungiwa wewe kama siku hiyo ikifika. Kuweka akiba si ugeni kwetu. Katika nyumba za Wamijikenda mahindi hupandishwa uchagani juu ya meko, na moshi wa kila siku huyafukuzia fukusi. Aliyejenga uchaga hakungoja tangazo la redio. Lakini uchaga wataka nyumba yenye dari na shamba lenye mavuno. Na mtu wa chumba kimoja mjini, anunuaye unga wa kilo moja kwa ujira wa siku ile, siku 24 za mwaka 2020 hazikumfaa kitu. Mwenye mshahara wa mwezi alijaza kabati. Mwenye kibarua alipoteza kibarua kwanza, ndipo akaambiwa akae nyumbani. Yafaa jambo hili lisemwe waziwazi, kwa sababu vitabu vya matayarisho, tangu cha Defoe, vimeandikiwa mwenye ghala.

Hata mwenye kuweza, yafaa ajue anachokifanya. Nafaka ikiwekwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo huleta sumukuvu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo. Mahindi ya kuweka hukaushwa mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Tena nafaka huita panya. Twajua leo, kwa uchunguzi uliofuata baada ya Alexandre Yersin kukiona kijidudu cha tauni kule Hong Kong mwaka 1894, kwamba viroboto vya panya ni miongoni mwa wachukuzi wakubwa wa ugonjwa huo. Na Meya wa London, katika juhudi zake zote, aliamuru mbwa na paka wauawe! Tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902 soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya wakuu, na akiba ya miaka ya wafanyabiashara ikaenda na moshi.

Na muda? Tarehe 6 Mei 2020, katika mwezi wa Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Amri ya kwanza ilisema siku 15; ikaongezwa hata tarehe 6 Juni. Aliyepima maharagwe yake kwa siku 15 alifika nusu ya njia. Kwa maoni yangu, mwenye uwezo na apime kwa mwezi mmoja, tena aongeze kidogo kidogo katika miezi ya kawaida, kilo mbili leo na mbili mwezi ujao, kwa sababu anayenunua magunia usiku wa tangazo humwondolea jirani yake fungu lake na kupandisha bei ya kila mtu. Asisahau vitu visivyoliwa: maji, sabuni, mkaa au gesi, na dawa za mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari, ambazo hazivumilii kukatika kama sukari ya chai inavyovumilia. Asisahau masomo pia. Shule zilipofungwa vipindi vya kufundisha vilipelekwa kwa redio na televisheni, na palipokuwa na redio moja na watoto wa madarasa manne, nyumba yenye ratiba ukutani ilipata kitu. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 2020; wengine hawakurudi mpaka Januari 2021.

Baki ni lile la hamali. Katika nyumba zetu anaitwa kwa majina mengi: ni kijana wa bodaboda, ni dada mfanyakazi wa nyumbani, ni mtoto mkubwa kuliko wenzake, ni baba anayeshinda sokoni akipakua viazi. Jioni moja, kabla ya hatari yoyote, wakusanye wa nyumbani mwako na jirani wa mlango wa pili, mwandike majibu katika karatasi. Ni nani atakayetoka? Akirudi atanawia wapi, na atalala wapi? Akiugua, nani atashika zamu yake, nani atamtunza, na watoto wake watakula kwa nani? Karatasi hiyo iandikwe kwanza, ndipo unga ununuliwe.