Programu za simu janja

Programu ya simu janja (pia: aplikesheni) ni programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya simu yenye skrini ya kugusa na uwezo wa kuingia intaneti. Baadhi huja na simu yenyewe, kama vile kamera na kikokotoo; nyingine mtumiaji huzipakua kutoka duka la programu.

Maduka mawili makubwa yalianza mwaka 2008: App Store ya Apple mwezi Julai na Android Market ya Google mwezi Oktoba. La pili linaitwa Google Play tangu 2012, nalo ndilo linalotumika zaidi Afrika ya Mashariki kwa sababu simu nyingi za bei nafuu huendeshwa na Android.

Programu na menyu ya namba

Si kila huduma ya simu ni programu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kabla simu janja hazijaenea. Mteja wa Vodacom Tanzania hubonyeza *150*00# hata kwenye kitochi, bila intaneti. Programu ya M-Pesa hufanya kazi hiyohiyo kwa picha na vitufe, lakini huhitaji intaneti. Mwenye simu janja naye asiisahau menyu ya namba: bando likiisha, bado inafunguka.

Kuanza kutumia

Ili kupakua kitu kwenye Google Play, mtumiaji huhitaji akaunti ya Google, yaani anwani ya barua pepe na neno la siri. Hapo ndipo matatizo mengi huanzia. Akaunti ikifunguliwa na muuzaji au fundi, mwenye simu huweza kubaki hajui neno la siri, na simu ikifutwa yote huweza kudai akaunti ileile ya awali. Ni afadhali aifungue mwenyewe.

Kisha hutafuta programu kwa jina, huangalia mtengenezaji na ukubwa wake, ndipo huisakinisha. Jina la mtengenezaji lina uzito kuliko nembo, maana nembo huigwa kirahisi. Faili za APK zinazotumwa kwa WhatsApp hazikupitia ukaguzi wa duka.

Mbali na mji

Kisaki ni kata ya Wilaya ya Morogoro Vijijini yenye kituo cha reli ya TAZARA, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Barabara kutoka Morogoro mjini hupitia Matombo na Mvuha. Kwa mkazi wa mahali palipo mbali na mji namna hiyo, swali la kwanza ni kama programu inafanya kazi bila intaneti.

PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania (Marekani) pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo IITA, inaweza. Mkulima huelekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo hutambua dalili za batobato au michirizi ya kahawia, kwa Kiswahili, hata pasipo mtandao. Programu nyingine, AfyaData, ilitokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro. Hutumika kuripoti dalili za magonjwa ya watu na ya mifugo kutoka vijijini.

Programu kubwa ni bora zipakuliwe mtu akiwa mjini, kwenye Wi-Fi. Usasishaji wa moja kwa moja nao huweza kuzimwa, kwani hula bando kimyakimya.

Ruhusa

Programu huomba ruhusa ya kutumia kamera, kujua mahali simu ilipo au kusoma majina yaliyohifadhiwa. Ramani kutaka kujua mahali kunaeleweka. Programu ya tochi kutaka majina hakueleweki.

Uzito wa jambo hili ulionekana kwenye programu za mikopo. Baadhi zilichukua majina yote ya simu, na mkopaji alipochelewa kulipa, jumbe za kumwaibisha zikatumwa kwa ndugu, majirani na hata waajiri. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokopesha bila leseni. Nchi tayari ilikuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ruhusa huweza kuondolewa wakati wowote kwenye mipangilio ya simu. Hata hivyo, kufuta programu hakurudishi majina ambayo imekwisha kuyanakili.