Bweni kama Nyumba ya Lugha: Historia ya Uongozi wa Shule za Watoto Viziwi Uganda kwa Mtazamo wa Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya shule za bweni za watoto viziwi nchini Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, yakiitazama kutoka Arua na Koboko, pembe ya nchi iliyokuwa mbali na shule za kwanza. Hoja kuu ni kwamba shule hizo zilianzishwa kwa nia ya kutibu usemi, lakini tiba iliyopatikana humo ilikuwa lugha, na lugha hiyo ilikuzwa na watoto wenyewe mabwenini, nje ya mpango wa wakuu wao. Kwa hiyo sera ya elimu jumuishi itakayoondoa mabweni bila kuweka jamii ya lugha mahali pake itamrudisha mtoto katika upweke ule ule ambao shule ziliundwa kuuondoa.

1.0 Utangulizi

Mtoto kiziwi wa Arua au Koboko hukulia katikati ya lugha nyingi. Sokoni husikika Kilugbara, Kikakwa, Kialur, Kiswahili, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiingereza. Kwake yeye lugha zote hizo zimefungwa kwa kufuli moja. Nyumbani hubuni pamoja na mama yake ishara chache za kula, kulala, maji na mbuzi. Ishara hizo hutosha kumtuma kisimani. Hazitoshi kumweleza kwa nini babu hakurudi kutoka hospitali, au kwamba kesho wageni wanakuja.

Jamii zinazomzunguka zimempa majina yanayoonyesha jinsi zilivyoielewa hali yake. Kwa Kiswahili cha mazoea huitwa bubu, ingawa koo lake ni zima. Kwa Kiganda neno lililozoeleka, kasiru, limetokana na shina lenye maana ya upumbavu. Katika maneno yote mawili, kukosa kusikia kumegeuzwa kuwa kukosa kusema au kukosa akili. Swali la kihistoria linaloongoza makala haya linatokana na kosa hilo la kutaja: shule ya bweni ya watoto viziwi ilipoitwa mahali pa tiba, ilikuwa inatibu nini, na mkuu wake alikuwa anaongoza nini?

2.0 Mazingira ya West Nile

Eneo hili liliingia katika Uganda kwa kuchelewa. Lilikuwa sehemu ya Lado iliyoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake likawekwa chini ya Sudan mwaka 1910, kisha likahamishiwa Uganda mwaka 1914, mwaka ambao mji wa Arua ulianzishwa kuwa makao ya utawala. Serikali ya kikoloni ililitazama zaidi kama chanzo cha vibarua wa mashamba ya kusini na askari wa jeshi. Elimu na matibabu vilitegemea sana wamisheni: Africa Inland Mission walifika Mvara mwaka 1918, Wakomboni wakajenga vituo vyao Moyo na Arua, na hospitali ya Kuluva ikahudumia maeneo ya kusini mwa mji.

Jiografia pia iliacha alama masikioni. West Nile imo katika ukanda wa homa ya uti wa mgongo unaopita Afrika kutoka Senegali hadi Ethiopia, na ugonjwa huo ni miongoni mwa sababu kuu za watoto kupoteza kusikia baada ya kuzaliwa. Mlipuko wa mwaka 2007 uliziathiri Arua na Koboko pamoja na wilaya jirani. Watoto waliopona baadhi yao walirudi nyumbani wakiwa viziwi. Mtoto aliyeugua akiwa na miaka minane tayari ana lugha kichwani. Aliyeugua akiwa na mwaka mmoja hana. Tofauti hiyo ina uzito kwa mwalimu kuliko kipimo chochote cha sikio, lakini takwimu za hospitali huwahesabu wote wawili kwa jina moja.

3.0 Shule za kwanza na imani ya midomo

Elimu rasmi ya watoto viziwi Uganda ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa juhudi za Uganda Society for the Deaf. Matokeo yake yalikuwa shule moja ya Kampala, na baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, shule ya Ngora katika Teso. Nchi jirani zilikuwa katika njia hiyo hiyo: Kenya ilifungua shule Nyang'oma na Mumias mwaka 1961, na Kanisa Katoliki likafungua ya Tabora, Tanganyika, mwaka 1963. Shule nyingi za aina hii zilikuwa za bweni, kwa sababu watoto viziwi walikuwa wachache katika kila kijiji na walimu wao walikuwa wachache katika nchi nzima.

Falsafa iliyotawala ilikuwa na mizizi Ulaya. Mkutano wa Milan wa mwaka 1880, uliohudhuriwa na walimu ambao karibu wote walikuwa wanaosikia, uliamua kwamba usemi upewe nafasi juu ya ishara. Katika ulimwengu wa Uingereza, imani hiyo ilipata nguvu ya kitaaluma kupitia Chuo Kikuu cha Manchester, chini ya Alexander Ewing na Irene Ewing. Mwanafunzi alitakiwa kusoma midomo, kuvaa kifaa cha kusikilizia na kurudia sauti. Ishara zilikatazwa darasani kwa hofu kwamba zingeua hamu ya kusema.

Kwa mtoto kutoka Arua, njia hii ilikuwa na kikwazo ambacho nadharia ya Manchester haikukipima. Kilugbara na Kikakwa ni lugha za toni: neno moja hubadilika maana kwa kupanda au kushuka kwa sauti, na toni haionekani midomoni. Lugha ya darasani, kwa upande wake, ilikuwa Kiingereza, ambacho nyumbani kwao huenda hakuna aliyekisema. Mtoto alisafirishwa karibu kilomita 500 ili ajifunze kuona midomoni lugha ambayo asingeikuta kwenye midomo ya mama yake.

Hata hivyo, kitu kingine kilitokea baada ya kengele ya mwisho. Bwenini, uwanjani na kwenye foleni ya uji, watoto waliunganisha ishara zao za nyumbani, wakubwa wakawarithisha wadogo, na mfumo ukaanza kukomaa. Huko ndiko iliko sehemu kubwa ya chimbuko la Lugha ya Ishara ya Uganda. Jambo kama hilo lilionekana Managua, Nikaragua, mwishoni mwa miaka ya 1970, ambapo watoto waliokusanywa wafundishwe kusoma midomo waliunda lugha mpya kabisa mbele ya walimu wasioielewa. Wakuu wa shule walikuwa wanaongoza kliniki ya usemi. Bila kukusudia, walikuwa wamejenga kitalu cha lugha.

4.0 Vita na kukatika kwa huduma

Kuanguka kwa serikali ya Idi Amin mwezi Aprili 1979 kuliigeuza West Nile kuwa eneo la kisasi. Mashambulizi ya Oktoba 1980 na operesheni zilizofuata ziliwasukuma wakazi wengi kuvuka mipaka kuingia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na wanajeshi wa serikali. Katika hali kama hiyo, mtoto asiyesikia bunduki hutegemea macho na mkono wa mwenzake ili ajue wakati wa kukimbia.

Wakati maeneo mengine yalipokuwa yakipanua madarasa, watu wa Arua na Koboko walikuwa kambini ng'ambo ya mpaka, na wengi walirudi katikati ya miaka ya 1980 kukuta shule na zahanati zimebomolewa. Pengo la huduma kwa viziwi katika mkoa huu, kwa hiyo, haliwezi kuelezwa kwa mila au kutojali kwa wazazi peke yake. Ni pengo lililotengenezwa na umbali, kisha likapanuliwa na vita.

5.0 Lugha yapata hadhi

Mabadiliko yalitoka kwa viziwi wenyewe pamoja na walimu walioona njia ya midomo haizai. Chama cha kitaifa cha viziwi, UNAD, kilikuwa kimeundwa mwaka 1973. Mwaka 1988 marufuku ya ishara darasani iliondolewa na mawasiliano ya jumla, yanayochanganya ishara, usemi na maandishi, yakakubaliwa. Taasisi ya kitaifa ya elimu maalumu, UNISE, ilipata sheria yake na baadaye, mwaka 2003, ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kyambogo. Katiba ya 1995 ililitaka taifa kuhimiza maendeleo ya lugha ya ishara kwa viziwi. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni, na mwaka 2006 kamusi ya Lugha ya Ishara ya Uganda ikachapishwa.

Elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza mwaka 1997, iliwapa kipaumbele watoto wenye ulemavu miongoni mwa wanne waliogharimiwa katika kila familia. Uandikishaji ulipanda, lakini mtoto kiziwi aliyeandikishwa shule ya kijijini mara nyingi alikuwa peke yake mbele ya mwalimu asiyejua ishara. Alikuwa ndani ya darasa na nje ya somo. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2006 ilitaka matumizi yasiyopungua asilimia 10 ya fedha za elimu yaelekezwe kwao. Kiwango hicho kilibaki mbali na bajeti halisi.

6.0 Kazi ya mkuu wa shule ya bweni

Historia hii inaonyesha kwamba mkuu wa shule ya aina hii hushika nafasi tatu kwa wakati mmoja: mwalimu, mlezi na mlinzi wa lugha. Nafasi ya tatu ndiyo iliyosahauliwa katika mafunzo na katika hati za uteuzi. Mkuu asiyejua ishara huzungumza na wanafunzi wake kupitia mkalimani, na mtoto aliyeumizwa usiku hana pa kupeleka shitaka lake isipokuwa kwa mtu asiyemwelewa.

Mambo madogo ya bweni hubeba uzito mkubwa. Lugha ya ishara huhitaji mwanga: taa ikizimwa, mazungumzo hukoma. Kwa miongo mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, hivyo umeme au taa ya jua katika bweni la viziwi si anasa, bali ni sharti la mawasiliano. Vivyo hivyo kwa usalama. Moto uliowaua watu 11 katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono, mwezi Oktoba 2022 ulilikumbusha taifa kwamba bweni la watoto wenye ulemavu huhitaji mpango wake wa kuokoa. Kengele ya sauti haimwamshi kiziwi. Taa inayomulika na mlezi wa zamu ndivyo vinavyoweza kumwamsha.

Koboko, wilaya tangu mwaka 2005, inaongeza jukumu lingine. Ipo pale inapokutana mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na kambi ya Lobule huhifadhi wakimbizi Wakongo. Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, mamia ya maelfu ya Wasudani Kusini waliingia West Nile, na kambi ya Bidi Bidi katika wilaya jirani ya Yumbe ikafunguliwa mwezi Agosti. Mtoto kiziwi mkimbizi hufika na hofu isiyo na maneno. Kwake tiba ya moyo haiwezi kutangulia lugha, kwa sababu hawezi kusimulia alichokiona kabla ya kupata lugha ya kukisimulia.

Bweni nalo lina gharama yake. Mtoto anayerudi likizo akiwa na lugha ambayo wazazi wake hawaijui anaweza kuwa mgeni kwao. Mkuu anayewaita wazazi kulipa ada tu hulipanua pengo hilo. Anayewaita kujifunza ishara, angalau siku chache kila muhula, hulipunguza.

7.0 Hitimisho

Mjadala wa sasa huziweka shule za bweni upande mmoja na elimu jumuishi upande wa pili. Tamko la Salamanca la mwaka 1994, linalotajwa mara nyingi kutetea ujumuishi, lenyewe linakubali kwamba kwa viziwi shule au madarasa maalumu yanaweza kufaa zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unataka ufundishaji katika lugha inayomfaa mtoto na katika mazingira yanayomkuza kitaaluma na kijamii. Kipimo, basi, si paa ambalo mtoto analala chini yake, bali idadi ya watu anaoweza kuzungumza nao.

Kwa Arua na Koboko, kipimo hicho kinadai hatua zinazoeleweka: ujuzi wa Lugha ya Ishara ya Uganda uwe sharti la uteuzi wa mkuu na mlezi wa bweni, walimu viziwi waajiriwe na kupandishwa vyeo, kila mtoto anayetibiwa homa ya uti wa mgongo apimwe kusikia kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, na hakuna kitengo cha bweni kifungwe kabla jamii nyingine ya lugha haijapatikana. Watoto wa Kampala na Ngora walijenga lugha kwa kificho, wakiwa wamekatazwa. Wale wa West Nile hawapaswi kungoja nusu karne nyingine ili wapewe kwa ruhusa kile ambacho wenzao walikipata bila ruhusa.