Mhandisi aliyeleta darasa la umeme wa jua Karagwe

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wilaya ya Karagwe, ambayo wakati huo ilibeba pia eneo lote la Kyerwa ya leo, ilikuwa mbali na nguzo za umeme. Jua likishazama kwenye saa moja jioni, nyumba zilizo ndani ya vibanja vya migomba na kahawa ziliwasha koroboi au chemli, na mwenye uwezo alipampu karabai. Misheni na hospitali chache zilikuwa na jenereta, zikizimwa mapema ili kubana dizeli. Huko ndiko ulikowekwa mradi uliokuja kufundisha mafundi wa sola kutoka pembe mbalimbali za Afrika Mashariki.

Jina linalofungamana na kazi hiyo ni Harold Burris, mhandisi Mmarekani. Mradi wenyewe uliitwa KARADEA Solar Training Facility, na ulikuwa chini ya KARADEA, chama cha maendeleo cha Karagwe kilichoanzishwa na Oswald Kasaizi. Katika historia ya umeme wa jua kwenye ukanda huu, watu hawa wawili wana nafasi ya waasisi. Hata hivyo, waulize vijana wanaouza paneli madukani Kayanga au Omurushaka, wilayani Karagwe; ni wachache watakaowataja.

Ili kumwelewa Burris inabidi kuanzia Kenya. Alifika huko kupitia Peace Corps, shirika la Marekani la wafanyakazi wa kujitolea, na muda wake ulipokwisha akabaki. Katikati ya miaka ya 1980 alifungua kampuni ndogo aliyoiita Solar Shamba, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katikati ya wakulima wa kahawa na chai. Nairobi kulikuwa na waagizaji wa vifaa, lakini wateja wao wakubwa walikuwa miradi ya wafadhili. Burris alimwona mkulima kuwa ndiye mteja.

Mwaka 1984 alikutana na Mark Hankins, kijana wa Peace Corps aliyekuwa mwalimu katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi. Shule hiyo ilikuwa inajiandaa kununua jenereta ya dizeli. Wawili hao wakaushawishi uongozi uweke paneli za jua, na taa zikawaka madarasani. Wazazi na majirani walipoona mwanga usiokula mafuta, walianza kuuliza bei. Baadaye shule nyingine tatu ziliwekewa sola kwa msaada wa USAID, na kazi yenyewe ikageuzwa mafunzo: mafundi wa maeneo hayo walijifunza huku wakipanda juu ya mabati na kuvuta waya.

Hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya mhandisi huyu. Angeweza kufunga mitambo, akalipwa, akaondoka. Alichagua kuacha nyuma watu wenye uwezo wa kufunga na kutengeneza bila yeye. Baadhi ya mafundi wake walianzisha biashara zao, na soko la Kenya likakua kwa mikono ya wananchi wenyewe, wengi wakinunua kwa fedha zao. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, mifumo ya sola ya majumbani iliyouzwa nchini humo ilikuwa imepita 200,000, na Kenya ikawa mfano unaosomwa vyuoni duniani.

Kutoka huko Burris alivuka kuja Karagwe, na somo likaja naye.

Mazingira ya Tanzania yalikuwa magumu zaidi. Mkulima wa kahawa alikuwa amepigwa na kuvunjika kwa mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa mwaka 1989, bei ikaporomoka. Halafu kulikuwa na suala la televisheni. Kenya, familia nyingi zilinunua paneli ili ziangalie televisheni ndogo ya volti 12. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya rangi mwaka 1973. Mnyambo wa Bugene, mwenyeji wa Karagwe, hakuwa na sababu hiyo ya kununua sola. Yeye alihitaji taa na redio. Mwaka huohuo wa 1994 mauaji ya kimbari ya Rwanda yalimwaga wakimbizi mpakani, na Karagwe ikajikuta na makambi makubwa, Chabalisa likiwa mojawapo. Kuendesha darasa la ufundi katika miaka kama hiyo hakukuwa kazi ndogo.

Pengine msomaji atauliza kwa nini fundi umeme wa kawaida alihitaji kurudi darasani. Jibu liko kwenye waya. Taa au redio inayokula nguvu ileile, ikiendeshwa kwa volti 12 badala ya 230, huvuta mkondo karibu mara 19 zaidi. Fundi aliyezoea umeme wa gridi akitumia waya wake mwembamba, umeme hupotelea njiani, taa ya chumba cha mwisho ikawaka kwa unyonge, na mwenye nyumba akaapa kwamba sola ni utapeli.

Kisha kuna betri, ambayo ndiyo iliyoua mifumo mingi kuliko kitu kingine. Betri ya risasi ya volti 12, ikiwa imejaa na imepumzika, husoma karibu 12.7 kwenye multimita. Ikisoma 12 kamili, chaji yake imeshashuka chini ya nusu. Mtu asiyefundishwa huona taa bado inawaka na kuendelea kuitumia, akaiacha tupu usiku baada ya usiku, hadi plati zinaharibika. Wengine huondoa chaji kontrola, kifaa kinacholinda betri, na kuunganisha waya moja kwa moja ili redio iendelee kuimba. Wapo pia wanaoongeza tindikali pale panapotakiwa maji ya betri. Makosa haya hayaonekani siku ya kwanza. Hujitokeza baada ya miezi, fundi wa mjini akiwa ameshasahau njia ya kwenda kijijini, na ndiyo maana fundi alitakiwa kuwa wa hapohapo.

Karagwe ina mtihani wake wa ziada: mgomba. Nyumba nyingi zimezungukwa na kibanja, na jani moja likitia kivuli kwenye kona ya paneli huweza kushusha umeme kwa kiasi kikubwa, kwa sababu seli zake zimeungwa kwa mfululizo na moja ikizibwa hukwamisha nyingine. Paneli iliyofungwa Januari mahali peupe huweza kufunikwa mgomba ukishanyanyuka. Fundi mzuri hutazama juu ya paa, kisha hutazama miche iliyo chini na kukadiria itafika wapi.

Mafunzo ya Karagwe yalivuta wanafunzi kutoka nje ya mkoa na nje ya nchi, na Hankins, ambaye kitabu chake cha mifumo midogo ya sola barani Afrika kilikuwa kimetoka mwaka 1991, aliendelea kushirikiana na mradi huo. Serikali na wafadhili walipoanza kuisukuma sola kwa nguvu katika miaka ya 2000, walikuta nchi ina mafundi tayari. Kwa maoni ya mwandishi, huo ndio mchango mkubwa kuliko paneli zozote zilizoletwa kwa meli.

Leo mambo yamebadilika. Kyerwa imekuwa wilaya tangu mwaka 2012. Barabara ya Kyaka hadi Bugene, kilomita 59.1, ni ya lami. Wakala wa Nishati Vijijini umepeleka nguzo vijijini, na huko Murongo, kwenye Mto Kagera mpakani na Uganda, mitambo ya Kikagati–Murongo ya megawati 14 ilizinduliwa Mei 2023, umeme wake ukigawanywa kati ya nchi hizi mbili. Sola haijaondoka, imeshuka bei na kuenea hadi kwa mvuvi na muuza chipsi.

Waliosoma katika darasa la Burris sasa ni watu wazima, wengine wamestaafu. Wana vyeti, daftari za michoro na kumbukumbu za nyumba ya kwanza waliyoiwashia taa. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa, pamoja na walimu wa historia wa sekondari zetu, wawatafute wazee hao sasa, wawarekodi na kuandika majina yao, pamoja na la mhandisi aliyewafundisha.